Mashine ya mawese haina kona: kisa cha difu ya pickup kule Simbo

Kwa kweli nilivyoiona ile mashine mara ya kwanza sikuona kosa lolote, niliona kazi ya mtu anayejua kazi. Fremu imetoka kwenye chesesi ya lori, imenyooka, kona zimepigwa skwea, chini kuna injini ya Kichina ya silinda moja ya maji, hosipawa 12, zile zinazofungwaga kwenye pawa tila, mkanda unapanda kwenye giaboksi ya pickup ya zamani, giaboksi inatoa kipande kifupi cha propela, ile shafti inayopeleka mzunguko nyuma ya gari, mpaka kwenye difu, lile boksi la gia la katikati ya matairi ya nyuma, na difu ndo inazungusha pipa la kupondea chikichi. Yani ukitoa matairi na bodi, hiyo ni gari imekaa chini inaponda mawese. Aliyeiunda ni fundi wa Mwandiga, hapa Kigoma, mkubwa kwangu sana, wakati mimi bado naazima spana za watu yeye alishakuwa anashusha injini za maboti pale Kibirizi, kwahiyo nikianza kusema hapa kulikuwa na kosa msidhani namdharau, hata mimi kosa lenyewe lilinipita mbele ya macho na nikaongeza la kwangu juu yake.

Mwenye mashine ni mzee wa Simbo. Alinipigia simu usiku, hakusalimia hata vizuri, "we fundi si ulisema kila kitu kinatengenezeka, njoo kesho uone hili jini langu." Nikaenda na bodaboda asubuhi, mkononi nina begi la spana tu, nikijua ni mkanda umelegea au beringi, saa nne nitakuwa nimerudi Mwanga kwenye banda langu. Nilirudi siku ya nne.

Kwa ambae hajawahi kusimama kwenye kiwanda cha mawese cha kijijini niseme kidogo. Chikichi zikishachambuliwa kwenye mkungu zinachemshwa kwenye mapipa mpaka nyama inalainika, alafu zinapondwa ili nyama iachane na kokwa, ndo zinaenda kwenye kukamua, mafuta yanachemshwa tena kuyasafisha. Kazi ya kuponda ndo ilikuwa inawamaliza watu, kinu na mchi, au kukanyaga kwa miguu. Mashine ya kuponda ni pipa tu lenye shafti katikati na mikono ya vyuma inayokoroga. Haitakiwi kukimbia. Inatakiwa iwe na nguvu na iende taratibu, kama mtu anasonga ugali wa watu mia, maana kokwa likipasuka humo ndani hasara ni mbili: mafuta ya mise, kile kiini cha ndani ya kokwa, yanaingia kwenye mawese, na mise yenyewe inakuwa chenga. Na mise ni hela. Sabuni inatoka humo, na majumbani kwetu mara nyingi mawese ni ya baba na mise ni ya mama.

Malalamiko yalikuwa mengi na kila mtu alikuwa na la kwake. Mzee alisema mashine ukiijaza vizuri inakwama, mkanda unateleza unatoa moshi, kwahiyo wanaponda nusu pipa nusu pipa na dizeli inaisha bure. Kijana anayeiendesha akasema difu inachemka, baada ya saa moja huwezi kuweka kiganja, na ukifungua bolti ya oili inanuka kama imeungua. Alafu shafti ya kwenye pipa ilishakatika mara mbili ndani ya mwezi. Na mama mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa pembeni anachambua na wajukuu, akasema, "hiyo mashine inapasua kokwa, nilisema tangu siku ya kwanza." Mzee akamwambia mama we acha kwanza fundi amalizie mambo ya injini.

Na mimi nikaacha. Hapo ndo pa kwanza nilipokosea, kwasababu katika yote yaliyosemwa pale lile la mama ndo lilikuwa linataja ugonjwa, mengine yote yalikuwa dalili. Michikichi ya yule mzee mingi ni ya kizamani, ile dura, kokwa lake ganda nene kama jiwe na nyama kidogo. Tenera, ile aina ya kisasa wanayozalisha kwenye kituo cha utafiti pale Kihinga, kwa kuchanganya dura na pisifera ganda lake jembamba, ikipasuka kwenye mashine naweza kuelewa. Dura kupasuka kwenye kuponda? Hicho ni kipigo sio kukoroga. Ningetulia dakika mbili nikaokota kokwa moja kwenye makapi ningejiuliza mashine inakwenda spidi gani.

Badala yake nikafanya hesabu za mdomoni. Fundi wa Mwandiga alikuwa ameandika kwa chaki ya mafuta ubavuni mwa fremu, puli ya injini inchi 6, puli ya giaboksi inchi 12, gia ya kwanza mara 4, difu meno 41 kwa 10. Hesabu nzuri kabisa. Injini ikizunguka 2000 kwa dakika, puli inapunguza nusu inakuwa 1000, gia ya kwanza inaleta 250, difu inagawa kwa 4.1 unapata kama 61. Sitini na moja kwa dakika kwa pipa lile ni sawa, hata ingekuwa pungufu kidogo sio mbaya. Nikasema basi nguvu ndo haitoshi, tupunguze zaidi, nikatoa puli ya inchi 6 nikaweka ya inchi 4 niliyoikuta kwenye skrepa za jirani. Kwenye karatasi tumetoka 61 tumekuja kama 40, nguvu imeongezeka mara moja na nusu. Mzee akafurahi, nikapewa samaki, nikalala hapohapo Simbo niione inavyofanya kazi asubuhi.

Mkanda wa kwanza ulikufa kabla ya adhuhuri. Wa pili jioni. Na hii nilitakiwa kuijua, mkanda wa B, ule wa umbo la V, haupendi puli ndogo chini ya inchi 5, unakunjwa sana unapasuka tumboni, alafu eneo linaloshika linakuwa dogo kwahiyo unateleza hata kama umeukaza mpaka beringi zinalia. Nimewalipisha watu mikanda miwili kwa ujuaji wangu, nilikuja kuirudisha mwenyewe baadae. Kokwa bado zinapasuka.

Jioni ile ndo mama akaja na ungo. Hakusema kitu, akauweka mbele yangu, ndani kuna kokwa alizozitoa kwenye makapi ya siku hiyo, amehesabu mia. Thelathini na moja zimepasuka. Akasema tu, "mwanangu, kinu changu kilikuwa hakifanyi hivi."

Nikachukua chaki nikaweka alama kwenye shafti ya pipa pale inapotokea nje, tukawasha, nikarekodi kwa simu sekunde kumi alafu nikaichezesha ile video polepole na kuhesabu. Kwa hesabu ya karatasi kwa sekunde kumi alama ilitakiwa ipite mara 7 na isifike. Ilipita 13 na nusu. Nikarudia, kumi na tatu na nusu tena. Kijana akasema labda injini imezidi, tukahesabu injini, iko pale pale. Ukizidisha unaona mashine inazunguka 81 kwa dakika, na kabla sijabadilisha puli ilikuwa inazunguka 122. Yani mara mbili kamili ya hesabu. Sasa kitu kikizidi kidogo unaweza kulaumu puli haijapimwa vizuri, au mtu amehesabu meno vibaya, lakini mara mbili kamili, bila chenji, hiyo sio bahati mbaya, kuna kitu kinazidisha kwa mbili.

Tukazima, tukaweka giaboksi nyutro, nikashika propela kwa mkono nikaizungusha taratibu huku kijana anaangalia alama kwenye pipa. Ilitakiwa nizungushe propela mara nne na ka-kidogo ndo pipa lizunguke mara moja. Nilizungusha mara mbili na ka-kidogo, pipa likawa limerudi palepale. Nikakaa chini kwenye tofali. Nikaangalia upande wa pili wa difu, ule usio na pipa, na hapo ndo nikaona kilichofanyika.

Difu ina mikono miwili, kwenye gari kila mkono unakwenda kwenye tairi lake. Kwenye mashine unahitaji mkono mmoja tu. Ukiuacha mwingine wazi, nguvu yote inakimbilia huko kwenye uwazi na pipa linasimama, kila dereva aliyewahi kunasa kwenye tope za Kalinzi anaijua hii, tairi moja linazunguka hewani na gari haliendi. Fundi wa Mwandiga aliliona hilo siku ya majaribio, akafanya kinachoonekana cha maana: akaufunga ule mkono wa pili, akachomelea flenji yake, ile sahani ya kufungia tairi, kwenye nyumba ya difu usizunguke kabisa. Pipa likaanza kuzunguka, watu wakashangilia, kazi ikaisha.

Ila difu ilitengenezwa kwa ajili ya kona. Gari likikata kona tairi la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani, kwahiyo ndani ya difu kuna vile vigia vidogo, spaida, vinavyoruhusu upande mmoja uzubae na mwingine uwahi, na kile upande mmoja inachopoteza mwingine inakipata. Ukiuzuia upande mmoja usiende kabisa, wa pili unabeba mizunguko ya wote wawili. Mashine ya mawese haina kona, lakini tumeifunga difu kama gari inayokata kona kali kuliko zote, tairi moja limesimama, kutwa nzima.

Na ukishalijua hilo kila lalamiko linakaa mahali pake. Spidi mara mbili, ndo kokwa zinapasuka. Difu inagawa nguvu sawa kwa mikono yote miwili hata kama mmoja umefungwa, kwahiyo nusu ya nguvu inaishia kusukuma flenji iliyochomelewa na nusu tu ndo inaponda, ndo maana likijaa linakwama. Na zile spaida hazina beringi, zinazungukia kwenye pini tupu kwasababu kwenye gari zinazunguka kidogo kidogo ukikata kona, ukinyooka zinapumzika, lakini hapa zinazunguka masaa nane na mzigo juu, ndo difu inachemka na oili kunuka. Gia ya chini zaidi ya namba moja hamna, rivasi inazungusha kinyume, kwahiyo usiniambie tungepunguza tu gia tukaendelea.

Kilichonisumbua usiku ule haikuwa difu, ilikuwa namna ya kumwambia fundi mkubwa. Ungeniambia nimpigie simu nimwambie mzee ulikosea, nisingeweza, na sio heshima tu, ni kwamba asingeamini, hesabu yake ya ubavuni ilikuwa sahihi na kweli ilikuwa sahihi. Na kuna kitu kimoja nilikuwa nimekiona kwenye kazi yake kilichonipa heshima zaidi. Ile shafti ya giaboksi inayoingia kwenye klachi, kwenye gari ncha yake inashikwa na kaberingi kadogo kaliko kwenye krenki ya injini. Ukitoa giaboksi ukafunga puli pale bila kuishika ncha, itayumba na mkanda utaikunja mpaka iharibu beringi ya ndani. Mafundi wengi wanaokota giaboksi wanafunga puli wanaondoka. Yeye aliweka beringi ya stendi nje ya puli. Maana yake kwa giaboksi alijiuliza, hiki kitu kilivyokuwa kwenye gari kilikuwa kinashikwa na nini na kinafanya kazi gani. Kwa difu hakujiuliza, pengine kwasababu difu kila mtu anaijua.

Asubuhi nikamfuata Mwandiga. Shikamoo, marahaba kijana, nimekuja kukuchukua baba twende ukanisaidie Simbo, lile pipa limenishinda. Sikudanganya, lilikuwa limenishinda kweli. Tulipofika sikumpeleka kwenye mashine, kulikuwa na pickup ya jirani imepaki pale inasubiri mzigo, nikamuomba mwenyewe dakika tano, tukapiga jeki nyuma matairi yote mawili yakawa juu, mbele tumeweka mawe, gia nyutro. Nikamwambia fundi mkubwa, we shika tairi hili lisizunguke, mimi nipo chini nazungusha propela. Akashika. Tairi la kijana upande wa pili likazunguka. Nikamwambia kijana hesabu. Fundi mkubwa akaachia, akaja upande wa pili kuangalia mwenyewe, akamwambia kijana we nenda kashike kule, akahesabu, akahesabu tena. Mzee wa watu akanyamaza kama dakika nzima, mkono umekaa kwenye tairi. Alafu akasema, "kumbe nimelifunga likiwa kwenye kona." Hilo neno la kona nimelichukua kwake, sio langu.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa yake, mimi nikawa msaidizi. Dawa ni moja, kuzifunga spaida zisizunguke kabisa ndani ili mikono yote miwili iende pamoja na krauni, ile gia kubwa ya difu, alafu mkono usiotumika unautoa nusu-shafti yake na kuziba kwa sahani ya chuma na gasketi oili isitoke. Wapo wanaofanya hivi kwenye gari za kuchezea porini, lakini gari ya barabarani usifanye, kwenye lami matairi yanalika na gari inakataa kukata kona.

Kuifungua difu tukakuta kutu kwenye krauni, ishara kwamba ilikaa skrepa mvuani mdomo wazi kabla ya kununuliwa. Hapa niseme neno kwa wauza skrepa wetu wa Mwanga na kwengine. Huku huku Kigoma mwaka 1916 Wajerumani walipoona wanazidiwa wakaizamisha wenyewe ile meli yao Graf von Götzen, lakini kabla ya kuizamisha mainjinia wake walizipaka injini grisi nzito. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Miaka mingi chini ya Tanganyika. Nyie difu mnaiacha miezi mitatu chini ya mwembe bila hata kitambaa mdomoni, alafu mnasema bei ni laki nne maana ni orijino.

Pini ya spaida ilikuwa imelika, ina mikwaruzo na rangi ya bluu ya moto, na oili ilikuwa na vumbi la chuma linalong'aa kama rangi ya kucha. Tukatia alama kwa senta panchi kwenye vile vifuniko vya beringi, cha kushoto kushoto cha kulia kulia, maana havibadilishani, na tukahesabu meno ya zile nati za kurekebisha kabla ya kuzigusa. Tukaitoa krauni kwenye nyumba yake, ukichomelea na krauni ikiwa imefungwa moto utaipinda au utaiharibu ugumu wake. Beringi nazo tukazitoa kwa pula ya fundi mkubwa, pula aliyoiunda mwenyewe kwa bolti za springi za lori na sahani mbili, nimeiomba siku nyingi hajanipa.

Spaida ni chuma kigumu kimewekwa ugumu kwa juu, sio chuma cha dirisha. Ukizichomelea kwa rodi za kawaida za 6013 zikiwa baridi, utasikia zinalia ti, ti, ti zikipoa, ndo zinapasuka hizo. Tukaziosha kwa petroli mara tatu, tukazipiga brashi, tukazichoma kukausha oili iliyojificha, alafu tukaziweka kwenye jiko la mkaa la kupuliza mpaka tone la maji likidondoka linaruka-ruka juu ya chuma. Rodi 7018 ingefaa kama tungekuwa na mashine nzuri, ila yetu ni ya kienyeji, koili tumesuka wenyewe kwa waya na vyuma vya transfoma chakavu, ni AC na moto wake haushiki vizuri kwenye 7018. Tukanunua rodi za stenlesi 309, zile zenye 16 mwishoni zinakubali AC, zinauzwa moja moja kama sigara na bei inauma. Waya wa athi tukaubana kwenye kipande chenyewe cha kazi mezani, beringi zote ziko mbali, maana umeme ukipita ndani ya beringi unaacha vishimo na hiyo beringi imekwisha. Fundi mkubwa alichomelea kidogo huku, kidogo kule, anagonga kwa kinyundo kidogo kila mstari ukiwa bado mwekundu. Alipomaliza tukaizika kwenye ndoo ya majivu ya makapi ipoe yenyewe mpaka kesho, na watu wakakatazwa kuchungulia.

Shafti iliyokatika, hiyo niliichukulia poa nikidhani ni sehemu ya ugonjwa uleule. Haikuwa. Pale ilipovunjika uso wake ulikuwa laini, una mistari ya mviringo kama maji yaliyotupiwa jiwe, alafu kipande kidogo tu pembeni ndo kinakwaruza. Hicho sio chuma kilichozidiwa nguvu mara moja, ni chuma kilichokunjwa kidogo kidogo maelfu ya mara mpaka kikachoka. Kisa ni kwamba shafti ilikuwa imechomelewa moja kwa moja kwenye habu ya difu, na haiwezekani kwa macho na kamba kupanga difu na pipa kwenye mstari mmoja kamili, ikipishana hata milimita mbili kila mzunguko unaikunja. Tukakata, tukaweka flenji na krosi joint mbili za propela katikati, vile viungo vinavyokunjika, ipishane kidogo bila kuikunja shafti.

Na tulivyokata tukapata nafasi ya kurekebisha kitu ambacho hakuna aliyekilalamikia na mimi ndo kiliniogopesha zaidi ya vyote. Habu ilikuwa imebanana na pipa, sili ya difu ikichoka, na sili ya skrepa lazima ichoke, oili namba 90 inatembea kwenye shafti inaingia moja kwa moja kwenye chikichi. Watu wanakula hayo mafuta. Tukaacha uwazi wa shibiri moja kati ya difu na pipa, katikati ya shafti tukavisha kisahani cha mpira wa tairi, oili ikifika pale inarushwa pembeni na kudondokea kwenye trei, kijana ataiona kabla haijafika kwenye chakula. Vilevile nikauliza pipa lenyewe limetoka wapi, mzee akasema ni kipande cha bomba nene la maji, sawa, ningesikia ni tenki la kemikali ningeondoka na rodi zangu.

Kuna jamaa alipita pale akaona tunatafuta chuma cha kuimarisha miguu, akasema analo taruma la reli, chuma kizito hakijawahi kupinda, atalileta usiku. Kwanini usiku? Reli imefika Kigoma 1914 na bado inafanya kazi, taruma halidondoki lenyewe. Fundi mkubwa akamwambia asilete hata kwa kupita njia, hiyo ni kesi, na banda lenye kipande kimoja cha reli linalipia vyote vilivyoibiwa mpaka Uvinza.

Siku ya nne tukafunga. Nati za difu zikarudi kwenye meno yaleyale, oili mpya, puli ya inchi 6 ikarudi, mkanda wa tatu, na juu ya mkanda tukaweka kifuniko cha bati la pipa kwasababu wajukuu na kanga za watu zinapita pale kutwa. Kabla ya kuwasha fundi mkubwa akachukua chaki mwenyewe, akazungusha propela kwa mkono. Mara nne na ka-kidogo. Tukawasha, video ya sekunde kumi, mara kumi na ka-kidogo, yani sitini na moja ileile aliyoiandika ubavuni tangu mwanzo. Pipa likajazwa mpaka juu kwa mara ya kwanza. Injini ilinguruma ikashuka kidogo, moshi mweusi kidogo, ikabeba. Baada ya saa nzima nikaweka kiganja kwenye difu, ina joto la kikombe cha chai kilichosahaulika.

Malipo tulikubaliana hivi, fundi mkubwa hakuchukua hela ya mkono, rodi alilipa mzee, mimi nikachukua nauli na kitu kidogo nikakata ile mikanda miwili. Nusu-shafti iliyotolewa alibeba fundi mkubwa, chuma kile ni kizuri mno, anasema atakereza pini ya presi yake ya jeki, ile anayosukumia bushi.

Nikiwa naaga mama akaniita, ungo uleule, kokwa mia za siku hiyo. Zilizopasuka nne, na mbili kati ya hizo akasema ni za zamani zilibaki kwenye kona ya pipa. Akanifungia lita tano za mawese, alafu akamgeukia mzee akamwambia mise za mwezi uliopita zilizokuwa chenga amlipe, maana alisema tangu siku ya kwanza. Mzee akaniangalia mimi. Nikawasha bodaboda.